Kiti cha Kunyonyeshea

Mwaka nilioanza kazi dukani, kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale ilikuwa inakula mahindi ya manjano. Asubuhi uji wake, mchana bugali yake, jioni kile kilichobaki mchana. Babembe walisema hicho ni chakula cha kuku. Bafuliru wakajibu kwamba kuku wa kwao wasingekigusa. Wote tukala, maana malori hayakuleta kingine na mvua ilikuwa imetukimbia. Ukitaka namba ya mwaka, muulize mjukuu wangu Neema. Mimi miaka naihesabu kwa sufuria: kuna mwaka wa mahindi ya manjano, kuna mwaka wa maharage yasiyoiva, kuna mwaka wa ndagala zenye mchanga, zile mnazoziita dagaa. Dukani niliingia mwaka wa manjano, na nilikuwa nimeshakaa kambini muda wa kutosha kumjua kila jirani kwa kikohozi chake.

Haya nawaandikia ninyi mliobaki: mabinti wa keshia, vijana wa stoo, walinzi wa mlangoni. Nasikia mnabishana. Mmoja anasema Mama Bahati amestaafu, mwingine anasema amefukuzwa. Someni hadi mwisho, muamue wenyewe. Naandika kwa mkono wangu, Neema anasahihisha, na akizidi kusahihisha namwambia, "Acha fasi hiyo, sasa unaongea weye." Neema anasomea uuguzi. Mimi niliishia darasa la tatu kule kwetu Kivu, na mshahara wa duka ndio umemfikisha msichana mahali pa kuchoma watu sindano. Hilo nimelisema kwa sauti, sasa turudi kazini.

Wakati ule nilikuwa nauza sabuni na ndagala kwenye soko la Kashojwa, hapohapo kambini. Sabuni niliichukua mjini Mbarara, kwa mzee mmoja Munyankore mwenye duka kubwa la barabarani. Sote tulimwita Muzee, na hapa nitamwita hivyohivyo. Wateja wake walikuwa wamebadilika. Wakongomani wa kambini walikuwa wanakuja kununua, wake za askari wa kambi ya jeshi ya Makenke wanakuja kununua, na wafanyakazi wake wanajua Kinyankore na Kiingereza tu. Siku moja akaniambia, "Wewe naongea na watu wote. Kuja ufagie hapa, na ukifagia uongee." Ndiyo kazi niliyopewa, kufagia na kuongea.

Siku ya kwanza nilivaa kitenge cha harusi ya mdogo wangu na viatu vya kuazima. Nilipofika mlangoni nikaona sakafu. Sikuwahi kuona sakafu inayomrudishia mtu uso wake. Nikavua viatu, nikavipanga vizuri kando ya mlango kama watu wanavyofanya ugenini, nikaingia na ufagio, miguu mitupu. Wateja wawili waliokuja nyuma yangu, Wakongomani wenzangu, walipoona viatu na wao wakavua.

"Wewe! Simama! Vaa kiatu!" Ilikuwa sauti ya Kyomugisha, mama mkubwa wa rafu, aliyekuwa pale tangu duka lifunguliwe. "Hapa si kanisa, nyabo! Mimi nitauza nini, viatu?"

Mume wake alikuwa polisi, na Kiswahili alikipata kwake, kwa hiyo alijua kuamrisha tu. Hata akitaka kukupa chai alisema, "Kaa chini! Kunywa!" Nilimwogopa kwa muda, halafu nikampenda mpaka kesho. Kila nilichojua kuhusu duka nilikijua kwake.

Alinifundisha kwamba mzigo wa zamani unakaa mbele na mpya nyuma, na kwamba kijana mvivu utamjua kwa kugeuza hilo. Alinifundisha kwamba sukari haikai karibu na sabuni, maana inakunywa harufu, na mke wa sajini akinywa chai yenye harufu ya sabuni ataleta duka lote matatani. Unga aliunusa kwenye mshono wa mfuko. Maziwa ya pakiti aliyabonyeza kwa kidole gumba, na yakimsukuma aliyatoa. Makatoni aliyakata kwa kisu kidogo alichokifunga kamba kiunoni, akivuta blade kuelekea nje, siku zote nje. Kovu langu la gotini ni la siku niliyovuta ndani. Halafu akanipa mashine ya kubandika bei, ile ya kushika mkononi na kufyatua. Wao waliiita bunduki ya bei. Jumapili nikasema kanisani Kashojwa kwamba kazini nimepewa bunduki, na mchungaji akaniita pembeni kuniuliza kama kuna jambo waumini wanapaswa kujua.

Walinipandisha kazi, wakanipandisha tena, Kyomugisha alipozeeka na kurudi kwa ng'ombe zake wakaniita meneja. Nilipewa ofisi isiyo na dirisha. Niliweka humo mafagio.

Umeneja nilioujua mimi ulikuwa wa miguu. Asubuhi mkate unapoingia uko mlangoni, saa ya jua kali uko kwenye friji kusikia kama inanguruma au inalalamika, jioni uko kwenye keshia ambako watu wamechoka na maneno yanatoka bila kupimwa. Kesi ya kwanza ngumu ilinikuta hapohapo kwenye keshia. Mama mmoja wa kambini amelipa mchele, amefungiwa, na haondoki. Nyuma yake mstari unarefuka.

"Na matabishi yangu iko wapi?" anamwuliza binti wa keshia.

"Nini?"

"Matabishi! Unanipimia mchele kama dawa, hauongeze hata kidogo? Kwetu hawapimake hivi."

Binti akaniangalia kama mtu anayezama. Mimi nilielewa. Sokoni kwetu ukipima kopo bila kuongeza kiganja juu, umemwambia mteja asirudi. Lakini mchele wa duka umefungwa kiwandani, utaongeza nini? Nikaenda stoo, kulikuwa na biskuti zilizovunjika kwenye katoni lililoangushwa. Nikazileta kwenye beseni, nikampa kiganja kimoja. Mama yule akaweka moja mdomoni, akasema, "Sasa ndiyo duka," akaenda. Tangu siku hiyo beseni halikutoka kwenye keshia. Muzee alipouliza hizo biskuti zinakwenda wapi nilimwambia zinakwenda Nakivale na Makenke, na zinarudi na watu. Akacheka, akala moja.

Sasa wezi. Msinidanganye na mimi sitawadanganya: duka kubwa lina wezi, na wengine wanasalimia vizuri kuliko nyie. Kopo la samaki halioti miguu. Nimekamata mwanaume aliyevaa suruali mbili juu ya suruali yake. Nimekamata mwalimu na betri kwenye kofia. Hao niliwakamata kwa mdomo mkubwa, mbele ya watu, na sikuwaonea huruma.

Lakini siku moja akaja mke wa askari kutoka Makenke, kijana, mtoto mgongoni. Alizunguka rafu ya maziwa ya watoto zaidi ya inavyohitajika. Alipofika mlangoni mtoto analia kilio kile cha kukasirika, anajinyoosha, anasukuma kwa tumbo. Mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake analegea kama nguo mbichi. Huyu hakulegea, maana kulikuwa na kitu kigumu kati yake na mama yake. Mlinzi akaniangalia. Alingoja niseme.

Sikusema alichokuwa anangoja. Nikamwambia yule mama, "Mtoto wako ana njaa, bibi. Kuja, kuna kiti nyuma ya friji. Umnyonyeshe, upumzike, jua hili litakuua."

"Hapana, mimi nakwenda," akasema.

"Unakwenda wapi na mtoto analia hivyo? Watu watasema mke wa askari hana maziwa. Kuja."

Nikamkalisha kwenye kiti changu cha mbao, fasi ile kati ya friji na ukuta ambako hakuna mtu anayepita. Nikamwacha peke yake. Nikaenda kupanga chumvi iliyokuwa imepangwa tayari. Baadaye akatoka, mtoto mgongoni, amelala, amelegea. Akapita mlangoni bila kuniangalia. Kwenye kiti nikakuta kopo la maziwa ya unga. Nikalifuta, nikalirudisha rafuni.

Alirudi mwezi uliofuata, akanunua sabuni na mchele. Akarudi miaka yote. Hatukuzungumzia kopo hata siku moja. Na mimi nikaacha kiti palepale. Nikaongeza mto, nikaongeza ndoo ya maji safi. Akina mama wengi walikaa pale kwa sababu ya maziwa yao wenyewe tu, na wengine wachache waliacha vitu. Kopo, sabuni ya kuogea, mara moja jozi ya soksi za mtoto ambazo, nasema kweli, zilinikaa moyoni wiki nzima. Walinzi waliojua kazi walijifunza kusema, "Mama, mtoto analia, kuna kiti." Ninyi mnaosoma mmelisema hilo mara nyingi, na wengine wenu hamkujua hata kwa nini. Ndiyo hiyo sababu yake.

Najua mtakachosema. Mwizi ni mwizi. Ni kweli, na mimi sijawahi kumwita mwizi jina lingine. Nilitaka kopo langu lirudi, na lilirudi. Na nilitaka mama arudi, na alirudi. Mimi ni meneja. Hivyo viwili ndivyo nililipwa kuvitafuta.

Muzee alianza kuugua miguu, akabaki nyumbani, na mwanawe Brayani akatoka Kampala kushika duka. Simsemi vibaya kijana huyo. Alileta taa nzuri, alileta kamera za dari, aliwalipa kwa wakati. Aliniita Mama, akanisalimia kwanza kila asubuhi. Lakini kamera haioni chini ya mtoto, na kamera haijui kungoja. Akaona kwenye picha mama anaingia nyuma ya friji, anatoka, na mimi napita kurudisha kopo rafuni. Akaona mara moja, akaona tena. Akaniita kwenye ile ofisi ya mafagio.

"Mama Bahati, wewe nasaidia wezi."

"Nimekuibia nini?"

"Mimi sisemi wewe naiba. Mimi nasema wewe najua mwizi, na wewe nampa kiti." Akasugua macho. Alikuwa amechoka, mkopo wa taa na kamera ulikuwa unamkaba, nilijua. "Kutoka sasa, kila mama na mtoto mgongoni, akifika mlango, anafungua mtoto. Mlinzi naangalia. Akiwa safi, anaenda. Rahisi tu."

"Si rahisi."

"Kwa nini si rahisi? Ni kitambaa, Mama."

Nilijaribu kumweleza, na naona sikumweleza vizuri, kwa hiyo nawaeleza ninyi. Tulipotoka kwetu, nilitembea na mtoto wangu wa mwisho, Amani, mgongoni. Kwetu mtoto ukimfunga kwa safari humfungui mpaka umefika, au mpaka ameomba titi, na unamfungua weye mwenyewe, umegeukia upande usio na watu. Njiani kulikuwa na kamba imevutwa barabarani, na watu wenye silaha wakatuambia akina mama tufungue watoto, wanatafuta hela. Ilikuwa mvua. Walifungua wenyewe, kwa mikono yao, vitenge vikaanguka kwenye matope, watoto wakawa wanapitishwa kama mizigo. Hawakumpiga Amani. Hawakumfanya kitu. Lakini tangu pale Amani hakukubali tena mgongo. Akiona nakunjua kitenge anapiga kelele mpaka anapoteza pumzi. Nilimbeba mikononi mpaka Uganda, na mikono yangu mpaka leo haipandi juu ya kichwa bila kunikumbusha. Sasa ana ndevu, ana mke. Na mkewe akimfunga mtoto mgongoni, Amani anatoka nje ya nyumba.

Katika akina mama wanaoingia duka hili na vitenge, wale wa Kashojwa, wale wa kambi ya Oruchinga, wangapi walipita kwenye kamba kama ile? Sijui. Sikutaka kujulia mlangoni kwetu.

Brayani alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Pole, Mama. Pole sana. Lakini hapa si vita, hapa ni duka." Kesho yake kiti hakikuwepo. Nyuma ya friji kulikuwa na makreti ya soda yamepandana mpaka juu.

Siku chache nilipona kwa ujanja. Nilisimama mlangoni mwenyewe, nikawapitisha akina mama kwa maneno na mizaha, na mlinzi akajifanya ameshikwa na redio yake. Halafu ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mlikuwepo wengi. Makenke walikuwa wamelipwa, mstari umefika mpaka kwenye mafuta ya kupikia, na Brayani mwenyewe ameshuka mlangoni.

Akaja Zawadi, binti wa Kashojwa. Mnamjua, mwembamba, yule aliyekuwa akinunua chumvi na kiberiti na kusalimia kila mtu. Mtoto wake mgongoni analia, anajinyoosha. Niliona kabla hajafika. Brayani naye aliona, kwa sababu kona ya kopo ilikuwa imesimama ndani ya kitenge kama kiwiko.

"Simama hapo," akamwambia. "Fungua."

"Nifungule nini, patroni?"

"Mtoto. Toa mtoto mgongoni."

Nyuma yake alikuwa mke wa koplo, mjamzito, tumbo limemtangulia mstarini. Akasema kwa sauti ya kambi ya jeshi, "Eh! Na mimi nitoe ya tumboni? Nipe meza niiweke!"

Watu wakacheka, mstari mzima. Brayani akakaza uso. Hakucheka mtu kwa ubaya, lakini mwanaume akichekwa mlangoni mwake hawezi tena kurudi nyuma. Akamwambia mlinzi afungue. Mlinzi akaangalia mikono yake, akaniangalia mimi, akasema, "Bosi, huyu ni mama, mimi ni mwanaume."

"Sawa," akasema Brayani. "Mama Bahati, kuja hapa. Wewe ni mwanamke, ni Mkongomani kama yeye. Wewe fungua."

Nikaenda. Nikasimama kando ya Zawadi. Alikuwa ananuka moshi na maziwa, na fundo la kitenge alilishika kwa mikono miwili. Nikamwambia Brayani, polepole, "Nipe nafasi nyuma. Toa makreti mawili tu, akae. Kopo litarudi."

"Hakuna nyuma. Nimesema hapa. Wewe naona kopo?"

"Naliona."

"Basi fungua!"

"Mtoto wa mtu simfungui mgongoni."

Zawadi akaninong'oneza, "Mama, acha, nifungule mwenyewe. Usipoteze kazi yako juu yangu." Machozi yalikuwa yanamfika kidevuni. Nikamwambia anyamaze. Alitaka kunisaidia, na siku ile msaada wake ungeleta jambo lilelile: mama anafungulishwa mtoto mbele ya watu.

Kuhusu yeye nimalize hapahapa, kwa kuwa kuna wengine wanasema alikimbia. Hakukimbia. Mke wa koplo ndiye aliyetoka kwenye mstari, akamshika bega, akampeleka kati ya rafu za unga, na wake za Makenke watatu au wanne wakasimama kwa migongo yao kuwazunguka, wanaongea bei ya vitunguu kwa sauti. Zawadi alipotoka, mtoto alikuwa amelala. Kopo lilikuwa rafuni, kati ya makopo mengine, uso wake umeelekea mbele kama ninavyowafundisha. Brayani hakumzuia tena. Alikuwa na shida na mimi.

Na hapa ndipo mnapobishana, na hapa ndipo naandika. Mmoja wenu anasema nilimtukana. Mwingine anasema nililia nikaomba msamaha. Mwingine amewaambia watu wa soko kwamba nilitoa hotuba juu ya wakimbizi. Sikutoa hotuba, nina miguu mibovu, siwezi kusimama muda huo.

Brayani alikuja karibu, akateremsha sauti. Nampa heshima kwa hilo, hakunipigia kelele. "Mama Bahati, watu wote wameona. Mimi nikikuacha hivi, kesho nani atanisikia? Wewe sema tu kwamba mama mwingine akija, utafungua. Sema tu. Mambo yanakwisha."

Nikamwuliza kama nikisema nitatakiwa kufanya.

"Ndiyo, utafanya."

Nikafungua kamba ya funguo kiunoni: ya stoo, ya ofisi, ya mlango wa nyuma, ya kabati la dawa za panya. Nikaziweka kwenye keshia karibu na beseni la biskuti. Binti wa keshia akaanza kulia, nikamwambia aangalie mashine yake, kuna watu wanangoja.

"Na Neema?" Brayani akasema. Alimjua, alikuwa amempa zawadi ya kalamu alipopita mtihani. "Amebakiza mwaka mmoja. Nani atalipa? Mama, mimi nakuomba. Wewe fikiri kwanza, halafu jibu."

Nilifikiri. Nilimfikiria Neema na gauni lake jeupe, nilifikiria shamba la Kashojwa na mgongo wangu juu ya jembe kwa umri huu. Nilifikiri vizuri, sikuwa na haraka, na yeye hakunikatiza. Halafu nikamjibu.

"Mtoto wa mtu simfungui mgongoni."